Benchi la Upande Mmoja

Mtu akikuuliza mji wa Malaba una urefu gani, usisumbuke. Panda boda boda pale mpakani mwa Kenya na Uganda, mwambie akupeleke hadi nyuma ya trela la mwisho kwenye foleni, na utakuwa umepata jibu la siku hiyo. Kesho jibu litakuwa lingine. Lakini akikuuliza mji huo una upana gani, shuka utembee kwa miguu. Mimi swali hilo lilinichukua karibu miaka yote ya kazi yangu, na aliyenisaidia kulijibu alikuwa mama mmoja muuza chakula mwenye meza moja na benchi moja.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya mipango ya miji, na ninyi mlio bado shuleni mkidhani makazi ya watu ni kitu cha kukariri: ya kutawanyika, ya mstari, ya kukusanyika, funga kitabu, nenda mapumziko. Nilikariri hivyo hivyo na mtihani nilipita. Halafu nikaajiriwa Busia, nikapewa ramani isiyo na rangi na kopo la penseli, nikaambiwa nikapake.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilitembea mtaa kwa mtaa nikiuliza kila kiwanja kinatumika kwa nini, kisha nikakipaka rangi. Nyumba za kuishi ni kahawia. Biashara ni nyekundu. Shule ni rangi ya chungwa, mahali pa kupumzikia ni kijani, barabara ni kijivu. Ukimaliza unasimama mbali na meza, unafinya macho, na mji unakuonyesha umbo lake. Siku hizi rangi inapakwa na kompyuta, na sioni ubaya wowote. Vidole vyangu vilikuwa vikibaki na wekundu hadi kanisani, na majirani walidhani nimeanza kupaka rangi ya kucha.

Aliyenifundisha ni mchoraji ramani wa ofisi yetu, Mzee Barasa. Alikuwa mtu wa swali moja. Mkiwa mnatembea husimama ghafla, anaelekeza kidole kwenye nyumba au kioski, anauliza, "Kwa nini hapa? Kwa nini si pale?" Halafu hakupi jibu. Anaendelea kutembea na wewe unabaki na swali kama kijiwe kwenye kiatu.

Tulipofika kijiji cha Chakol aliniuliza kwa nini maboma yako juu ya mwinuko na kijito kiko chini. Huko kila familia imejenga katikati ya shamba lake, mbali na jirani, na kutoka boma moja hadi lingine unapita muhogo, mtama na muhogo tena. Hayo ndiyo makazi ya kutawanyika ya kwenye kitabu. Nilijibu haraka kwamba labda zamani kijito kilipita juu. Mzee Barasa alicheka hadi akakaa chini. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akipanda mwinuko na mtungi wa maji. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini analala amefunga macho. "Maji unaenda kuchukua na unarudi," alisema. "Mbu ukijenga huko chini unalala naye."

Amukura nako tulipata somo. Tulipita siku ya kawaida, tukakuta uwanja mpana wenye nyasi na mbuzi wachache, tukaupaka kijani. Tuliporudi siku ya soko hatukuuona uwanja wenyewe. Kulikuwa na ng'ombe, vitunguu, mitumba, wauza kamba, watu wa kutoka ng'ambo ya mpaka na masufuria yao, na mhubiri mwenye kipaza sauti kinachokoroma. Mzee Barasa alitoa penseli nyekundu mfukoni, akaitazama, akatoa na ya kijani, akazishika zote mbili kwa mkono mmoja. Ndivyo nilivyojua kwamba kipande cha ardhi kina siku zake. Picha ya satelaiti inaonyesha mabati yote ya Amukura, lakini uliza kwanza ilipigwa siku gani.

Kuhusu Busia, hesabuni watu kwa uangalifu. Niliingia ploti moja, vile vyumba vya kupanga vilivyopangwa mstari vikiangaliana, nikamuuliza mwanamume aliyekuwa akinyoa ndevu mlangoni, "Mnaishi wangapi hapa?"

"Ya mchana ama ya usiku?"

"Kuna tofauti?"

"Mingi sana, madam. Mchana tuko wengi, hata pa kukanyaga hakuna. Usiku mimi na bibi tunavuka. Huko ng'ambo nyumba ni kubwa."

"Kwa hivyo unaishi Uganda."

Aliudhika kweli. "Zii! Mimi ni wa hapa. Huko nalala tu."

Jirani yake, mama aliyekuwa akianika nguo, akadakia bila kugeuka. "Madam, ukitaka kujua watu wa Busia wako wapi, uliza kwanza shilingi ya nani iko na nguvu. Ya Kenya ikipanda wanalala huko. Ikishuka utawapata wote hapa, na hiyo choo ni moja."

Mpaka kwenye ramani ni mstari mweusi usiosogea. Watu huutumia kama mlango wa jikoni.

Sasa nije Malaba, maana huko ndiko kulikuwa na jambo la kupoteza.

Miaka ya mwisho ya kazi yangu uliandaliwa mpango mpya wa mji. Trela zilikuwa zimejaza barabara, zikisubiri karatasi za forodha. Wanafunzi walipita kati ya magurudumu, na mgonjwa akitoka upande wa Angurai gari lake lilikwama nyuma ya mizigo ya saruji. Mkuu wa kazi yetu, Bwana Wandera, mpangaji miji hodari na mtu mpole, alichora uwanja mkubwa kando ya barabara ili foleni ihamie ndani. Kuuzunguka alichora ukuta mrefu wa mawe, kwa sababu mafuta ya magari yalikuwa yakinyonywa na maturubai kukatwa. Nyuma ya ukuta huo alichora soko jipya la wauza chakula lenye paa, mifereji ya maji na vyoo. Vibanda vya kando ya barabara vingeondolewa.

Mchoro ulikuwa mzuri, na mimi mwenyewe nilipaka nyekundu yake.

Akina mama walikataa. Msemaji wao alikuwa Mama Amoding, Mteso wa pale pale, mjane aliyesomesha watoto wake kwa ugali wa wimbi na muhogo, ule wanaouita atap, na mchuzi wa njugu. Kila mtu ofisini alikuwa na sababu ya kueleza ukaidi wao. Mmoja alisema ni siasa. Mwingine alisema hawataki kulipa ushuru. Mchoro ulikuwa upelekwe mbele ya mkutano wa wananchi, na ukishapitishwa, vibanda vingebomolewa. Bwana Wandera aliniita.

"Nenda ukae nao," alisema. "Mimi nikienda watanipigia kelele. Uniletee sababu, si malalamiko."

Nikaenda. Nilimsalimia Mama Amoding, nikaagiza chai, nikaanza kuuliza maswali ya kijinga.

"Ni paa hamlipendi?"

"Paa ni nzuri."

"Ni vyoo?"

"Choo mmefanya vizuri sana. Nitakuwa nakuja kutumia." Akina mama wengine wakacheka. "Lakini kuuza huko siezi."

"Kwa nini?"

"Hakuna mtu atakuja."

"Lakini ni hapo hapo nyuma, mama. Si mbali."

"Hata hiyo nyuma yangu hapa si mbali. Umeona mtu?"

Niligeuka. Nyuma ya kibanda chake palikuwa na choo cha mabati, kamba ya nguo, kisha muhogo. Hata kioski kimoja hakikuwepo. Nilikuwa nimepaka barabara ile rangi mara nyingi na siku zote nilipata utepe mwembamba mwekundu pande mbili za kijivu, na mara moja baada yake shamba. Niliandika "makazi ya mstari" na kuendelea. Sasa nikasikia sauti ya Mzee Barasa, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu zamani: kwa nini hapa, kwa nini si pale? Watu hufuata barabara, ndiyo, lakini kwa nini hawakuwahi kujenga hata safu ya pili?

Nilikaa pale hadi mchana. Chai ikaisha, ikaja nyingine. Jambo nililoliona lilikuwa dogo sana hata nikaona aibu kuliuliza. Meza ya Mama Amoding ilikuwa na benchi upande mmoja tu, ule ambao ukikaa unatazama barabara. Upande wa pili ulikuwa wazi. Nikatazama kibanda cha jirani. Benchi moja, upande ule ule. Nikasimama katikati ya barabara nikatazama vibanda vyote hadi macho yalipoishia. Wateja wote waliketi kama watu walio sinema, wakitazama trela.

"Mama, mbona hamweki benchi upande huu mwingine? Mngelisha watu mara mbili."

Mama Amoding alinyanyua benchi lililokuwa jikoni, akaliweka upande ulio wazi, akapangusa vumbi. "Ona nani atakaa," alisema.

Nilikaa mimi. Akaja mwendesha boda boda, akakaa karibu yangu. Akaja mwalimu, naye akakaa. Madereva walipokuja na upande wao ukajaa, walikula wamesimama, sahani mkononi, lakini upande wetu hawakuja.

Mmoja wao alikuwa jamaa wa Ukambani anayeitwa Mutua, mwenye trela la ngano. Nikampisha. "Boss, si ukae?"

"Hapo? Zii, madam. Nikipea gari mgongo, chakula haishuki."

"Gari litaenda wapi?"

"Gari haiendi. Laini ndio inaenda." Alionyesha kwa kijiko. "Ile ya mbele ikisogea na mimi siko kwa kiti, hawa wa nyuma wananiruka. Mchezo imeisha, nalala hapa tena. Na huyo tanboi wangu," akamwelekezea msaidizi wake aliyekuwa amelala kwenye kivuli cha gurudumu, "huyo hata wakinyonya mafuta yote ataamka akiuliza tumefika Kampala."

"Naskia!" alisema yule msaidizi bila kufungua macho.

Hapo ndipo nilipopata wazo, na vijana, mkipata wazo la kitoto kazini msilidharau. Nilimwomba Mutua anipandishe kwenye gari lake. Kupanda trela ukiwa na sketi na umri wangu ni habari ndefu. Mama Amoding alisukuma kutoka chini, Mutua alivuta kutoka juu, na mtaa mzima ulinishauri mguu gani utangulie. Lakini nilipoketi kwenye kile kiti niliona Malaba ambayo sijawahi kuiona. Niliona masufuria. Kutoka juu kule dereva anatazama kilichopikwa, anaona moshi wa nani umeanza, anaona benchi la nani lina nafasi.

"Tukijenga ukuta wa mawe hapa," nikamwambia, nikionyesha kwa mkono mahali ambapo ungepita, "wewe utakuwa ndani na Mama Amoding nje."

Mutua alicheka. "Hiyo si parking, madam. Hiyo ni jela. Nitakula biskuti mpaka Uganda."

Tukashuka, na mimi nikashuka vibaya kuliko nilivyopanda. Kisha nikamwomba jambo la pili: achukue sahani yake na atembee kuliacha gari, aende kadiri moyo wake unavyomruhusu, na akifika mwisho asimame. Alitembea kando ya vibanda akitafuna, akitazama nyuma, mpaka akasema, "Hapa basi." Mama Amoding akachomeka bua la mahindi. Akaenda upande mwingine, akasimama. Bua lingine. Madereva wengine wakaona ni mchezo, wakaingia, kila mmoja na gari lake na sahani yake. Walibishana.

"Wewe unaenda mbali kwa sababu gari ni ya tajiri!"

"Na wewe hutoki hata mlangoni, unaogopa nani?"

Walipomaliza, mabua yalikuwa yamesimama kwa safu iliyopinda kidogo, yakifuata barabara. Pale yalipoishia ndipo muhogo ulipoanzia. Nyuma yake hapakuwa na meza wala mwavuli, kwenda juu na kwenda chini. Nilikuwa nimeupata upana wa Malaba. Ulikuwa umbali ambao mtu anaweza kwenda na sahani huku akiliona gari lake. Hakuna aliyeupanga na hakuna aliyeujua kwa maneno, lakini kila mama alijenga ndani yake.

"Sasa umeona," Mama Amoding aliniambia. Hakuwa akicheka tena. "Mkinipeleka nyuma ya ukuta, hamjanihamisha. Mmenifunga. Mtoto wangu wa mwisho bado yuko shule."

Bwana Wandera alikuja siku iliyofuata, kwa sababu nilimwambia sababu hiyo haiwezi kubebwa kwenye mkoba. Alikuja na hoja zake, na hazikuwa mbaya. "Nikiondoa ukuta, mafuta yataibwa," alisema. "Madereva wenyewe ndio walilalamika. Uwanja usio na usalama hautatumiwa na mtu, na foleni itarudi barabarani, kwa wale watoto. Umefikiria hilo?" Sikuwa nimelifikiria vya kutosha.

Mama Amoding alimkaribisha, akampa atap na samaki, akamketisha kwenye benchi lile jipya, mgongo kwa barabara. Gari la ofisi lilikuwa limeegeshwa kando, dereva wetu ameenda kununua vocha. Bwana Wandera alikula tonge moja, akageuka. Tonge la pili, akageuka tena. Trela likapiga honi nyuma yake, akageuka mwili mzima.

"Boss," Mama Amoding alimwambia kwa upole, "chakula iko hapa mbele."

"Naangalia tu gari. Nimeacha vioo wazi."

Mutua, ambaye alikuwa bado hajavuka, akasogea kwenye benchi la kutazama barabara akapiga ubao kwa kiganja. "Kuja hapa, mzee. Nafasi iko."

Bwana Wandera alichukua sahani yake, akazunguka meza, akakaa. Alikula akitazama gari lake mpaka samaki akabaki mifupa. Alipomaliza alinawa mikono, akacheka peke yake, akaniambia, "Lete ule mchoro."

Pale pale tukaanza. Ukuta wa mawe ulibaki pande tatu. Upande wa nne tukachora wavu wa chuma wenye nguzo, unaozuia mwizi na hauzuii macho, na madirisha ya kupitishia sahani. Soko tukaligeuza. Safu moja ya chakula ikaegemea wavu, na wauza nguo na maharagwe, ambao wateja wao ni wenyeji, wakapewa upande wa pili, kwenye stendi ya matatu. Akina mama wote hawakutosha kwenye safu ya wavu, na wiki nzima walizozana kabla ya kukubaliana kupokezana, wengine asubuhi, wengine jioni. Mama Amoding alichukua asubuhi. Mkutano ulipitisha mchoro kwa kelele nyingi, na nadhani ndiyo njia ya Malaba ya kukubali.

Kwa hiyo nawaomba: kabla hamjaandika "makazi ya mstari", tafuteni kinachoushika ule mstari. Mahali pengine ni maji, kwingine ni reli. Kwetu lilikuwa jicho la dereva. Tazameni watu wanaketi wakielekea wapi. Ulizeni hata mnapodhani swali ni la kijinga, na mkiweza, pandeni juu ya gari.

Nimestaafu sasa. Majuzi nilipita Malaba nikielekea kwa mwanangu, nikaingia sokoni wakati wa chai ya asubuhi. Mama Amoding alinipigia kigelegele. Nilipofika mezani nikasimama. Palikuwa na mabenchi mawili, moja kila upande, na kwenye lile la pili waliketi madereva. Migongo yao ilikuwa kwa wavu.

"Mama, ni nini imetokea?"

Aliwaelekezea kidevu. Kila mmoja alikuwa na simu karibu na sahani. "Siku hizi laini inaitwa kwa simu. Karatasi ikitoka, ajenti anatuma meseji, gari inatoka kwa namba yake. Na mlangoni kuna askari. Hawaangalii gari tena, wanaangalia hiyo."

"Kwa hivyo wanaweza kwenda kula mbali."

"Wameanza." Hakuonekana kuogopa. Alinionyesha kwa mwiko, ng'ambo ya safu ya chakula, kuelekea ulikokuwa muhogo. Palikuwa na bati jipya na moshi mwembamba. "Ile ni ya msichana wangu. Huyo wa mwisho. Nimemwambia atangulie, mimi nitamfuata."

Safu ya pili. Nilitamani niwe na penseli yangu nyekundu. Yale mabua yetu yamemaliza kazi yake, na sijui sasa yangechomekwa wapi. Mmoja wenu itabidi aende akapime upya.

Mama Amoding alinitafutia nafasi kati ya madereva wawili. Nikakaa, nikayapa magari mgongo, na chakula kikashuka.